Mkanda wa Feni

Kilichoniamsha ni sauti ndogo ya chuma kuwekwa juu ya sementi. Ikanyamaza. Kisha ikaja nyingine, taratibu, kama mtu anayepanga vijiko na hataki kumwamsha mtoto. Giza lilikuwa bado limejaa chumbani, ila juu ya pazia weupe ulikuwa umeanza kuchungulia. Nilipapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa baridi.

Nikasikiliza. Kila spana ina sauti yake. Ukiishi na dereva utazijua kama unavyojua vikohozi vya watu wa nyumbani: ndogo zinalia, kubwa zinaguna. Mume wangu alikuwa ameketi jikoni gizani, sanduku la vifaa liko wazi mbele yake, anatoa moja, anaipima uzito mkononi, anaiweka chini, anachukua nyingine. Hakuwa anatafuta ya kufungulia kitu. Gari letu halikuwepo nyumbani. Alikuwa anatafuta ya kumpigia kaka yake.

Gari lenyewe lilikuwa jipya. Jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Ukoo mzima wa mume wangu ni watu wa magari, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki gari ambalo mtu mwingine hakulichosha kwanza. Hili lilikuwa la kusambazia mikate, lina mlango wa kuburuta ubavuni, na asubuhi likitoka kwenye tanuri la mwoka mikate lilinukia hadi nje. Tulijinyima mengi kulipata. Lilikuja na waranti: injini, giaboksi na nyaya zote, chochote kikiharibika chenyewe kampuni inatengeneza, mradi usiwe umelichokonoa.

Kijitabu cha waranti nilikisoma mimi. Nilikuwa nahudhuria masomo ya jioni, na nilikisoma kama cha mtihani, kidole juu ya mstari. Nikamweleza mume wangu kwamba watu wanatishana bure. Oili na chujio anaweza kukubadilishia fundi yeyote, alimradi aweke vya aina iliyoandikwa na wewe utunze risiti. Kinachoua waranti ni kung'oa kitu au kukibadilisha kilivyoundwa. Nilifurahi kuligundua hilo, kwa sababu niliona amani ndani yake. Oili tungempelekea shemeji, kaka yake mwenye gereji, naye angejiona anaheshimiwa, na ugomvi usingepata pa kuanzia.

Mume wangu akakataa. Alisema kaka yake akishika spana haishii kwenye oili, mkono wake unamwasha. Sevisi zote akapeleka kampuni, hata ile ya kuangalia tu upepo wa matairi.

Shemeji ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki, yeye alikuwa kijana tu mwenye gereji ya uwanja wazi, akamchukua mdogo wake, akamlisha, akamvisha, akamfundisha klachi na gia, na akampiga. Alimpiga kwa mkanda wa feni, ule wenye mifereji kwa ndani. Siku ya kwanza kuuona mgongo wa mume wangu nilidhani amelalia mkeka, maana ile mistari midogo ilikuwa imepangana sawasawa. Nikaipapasa nikingoja ipotee. Haikupotea. Usiku huohuo, kabla hata sijauliza vizuri, aliniambia mtoto wake hatausikia mlio wa kitu kile. Nikamwamini. Tangu tuoane alikuwa hajawahi kunyanyua mkono ndani ya nyumba, hata kwa nzi alikuwa anafungua dirisha.

Basi shemeji aliposikia gari linapelekwa kwa watu wa overoli safi, aliudhika, akaugeuza udhia kuwa mzaha. Gari akaliita bi harusi. Kila tukionana angeuliza, bi harusi hajambo, bado shemeji zake hawaruhusiwi kumshika mkono? Mafundi wote pale gereji wanacheka, mume wangu anacheka nao kwa meno tu.

Halafu wakaja kuchimba mtaro wa mabomba ya maji mtaani kwetu. Mlango wetu ukawa ng'ambo ya handaki, unavuka kwa ubao. Gari halikuwa na pa kupita, ikabidi lilale kwenye uwanja wa shemeji, penye ukuta na lango. Shemeji alilipokea kwa mikono miwili. Na siku moja ya mapumziko, bila kuambiwa na mtu, akafungua boneti.

Alifanya anachofanya kwa kila gari analolipenda. Kwenye injini kuna kidude kidogo cha shaba na springi, themostati, kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Shemeji anaamini kidude hicho ni njama. Hukiondoa. Halafu huchomoa ile sensa inayoiambia feni lini izunguke, na kuunganisha waya za feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Anaita kuliachia gari pumzi. Labda kwa magari ya zamani, yenye rejeta iliyojaa tope, liliwahi kusaidia. Letu halikuwa na tope.

Kiungo cha waya alikizungushia utepe mweusi. Utepe ukayeyuka, feni ikasimama, na sensa ilikuwa imechomolewa, kwa hiyo geji ya joto ikabaki imelala chini kana kwamba kila kitu ni shwari. Mume wangu alikuwa kwenye foleni, hajui kitu, mpaka alipoona moshi. Injini ilikuwa imeshapikwa. Kampuni wakalivuta gari, wakaifungua injini. Mkuu wa karakana, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamwita mume wangu na kumwonyesha tundu tupu palipotakiwa kuwa na themostati, halafu waya zilizoungwa. Akamwambia sehemu nyingine za gari bado zina waranti yake, lakini injini hapana, mkono wa mtu umepita. Akamuuliza ni nani. Mume wangu akasema hajui.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Aliniambia vipande vipande, kama mtu anayetema mifupa ya samaki. Nikasema niachie mimi niongee na shemeji. Akajilaza na viatu vyake.

Sasa alfajiri hii alikuwa anapima spana.

Nilipofika mlango wa jikoni alikuwa ameshachagua wili spana, ile ndefu ya magurudumu iliyopinda shingo.

"Rudi ulale," akasema.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Kumuuliza kaka swali."

"Swali gani linaulizwa kwa wili spana?"

"Lile ambalo kwa mdomo hatalijibu."

Nilijua nikimshika mkono atanikwepa. Nikarudi chumbani, nikamnyanyua binti yetu na usingizi wake, nikaja nikamlaza begani kwa baba yake kabla hajakataa. Nikamwambia mbebe, navaa, tunakwenda wote. Ilibidi ashike mtoto kwa mikono yote miwili. Ndivyo nilivyotaka. Niliona kwamba mikono ikijaa mtoto haitakuwa na nafasi ya kitu kingine, na kwamba njia ni ndefu, na hasira nazo huchoka kutembea.

Hazikuchoka. Chuma alikichomeka kiunoni kwa nyuma, chini ya shati, na njia nzima nilikuwa natembea nyuma yake nikikiangalia kinavyonyanyua kitambaa. Tulivuka ubao juu ya mtaro. Mabomba ya buluu yalikuwa yamelala kando yakingoja kuzikwa. Watu walikuwa wanafungua milango, wanamwaga maji ya nyuso, wanatusalimu, nasi tunaitikia vizuri kabisa.

Uwanja wa shemeji ardhi yake ni nyeusi kwa oili, ukikanyaga inanata. Kulikuwa na lori lisilo na magurudumu, na gari dogo jekundu limefunguliwa boneti, ikashikiliwa juu kwa kijiti. Mchomeleaji, mzee anayefanya kazi naye miaka yote, alikuwa anakunjua nyaya zake. Shemeji alikuwa kifua wazi, ananyoa ndevu mbele ya kioo cha lori alichokifunga kwenye nguzo. Juu ya kioo, kwenye msumari, ulining'inia ule mkanda. Ulikuwa hapo tangu sijaolewa. Mafundi wapya wote huonyeshwa kwanza mahali pa choo, halafu mkanda.

"Ohoo, bosi wa waranti na familia nzima," akasema, povu mashavuni. "Bi harusi kalala wapi leo?"

Mume wangu akanirudishia mtoto. Mtoto akaamka, akaangalia huku na huku, akasema shikamoo baba mkubwa kama alivyofundishwa. Shemeji akaitikia marahaba kwa furaha kabisa.

"Kaka," mume wangu akasema, "ulitoa themostati ya gari langu?"

Shemeji alicheka kama mtu anayeulizwa kama ni yeye aliyeleta zawadi. Akafuta povu, akainama chini ya benchi, akatoa kopo la maziwa ya unga na kulitikisa. Likalia. Humo alikuwa amehifadhi themostati za magari yote aliyoyatendea hisani, zimechakaa, nyingine kutu tupu. Akachambua kwa kidole mpaka akapata moja inayong'aa.

"Yako hii. Nilijua mwenyewe hutaleta, unawaogopa watu wako. Nikakufanyia kimyakimya, hata asante sikutaka."

Mume wangu akamweleza. Alieleza kwa utulivu ambao ulinipa moyo: injini imekufa, kampuni wamekataa, mikate ya watu imepelekwa na mtu mwingine. Shemeji akatikisa kichwa. Akasema wamemdanganya, wao ndio wameiua kwa oili yao nyepesi kama maji ya kunawa, na kwamba angelipeleka kwake tangu siku ya kwanza wasingekuwa wanaongea hivi. Akasema gari jipya ni kama mtoto mdogo, usipolipa adabu mapema litakupanda kichwani, na hilo yeye analijua kwa vyote viwili. Kisha akaitumbukiza ile themostati kwenye mfuko wa shati la mdogo wake, na kwa kiganja chenye povu akampiga shavuni, taratibu, mara mbili, kama unavyompiga mtoto anayejifunza.

"Pole, dogo. Ndiyo ukubwa huo."

Chuma kikatoka kiunoni.

Pigo la kwanza lilipata kopo, na zile themostati zikaruka uwanja mzima. La pili lilipata bega. Nilisikia mfupa, mlio kama wa kumega mkate uliokauka. Shemeji hakupiga kelele, alifungua tu mdomo. La tatu lilikuwa la kichwa, naye akainama, kioo cha lori kikapasuka na vigae vikamwagika mabegani mwake. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia. Ule mwingine ukapanda juu ya nguzo, haraka, bila macho, ukashusha mkanda.

Mkanda ukitoka kwenye msumari ule unatoa mlio mdogo wa kujikwangua. Mume wangu aliusikia. Alikuwa mtu mzima, baba wa mtoto, na chuma mkononi, na kaka yake ameshavunjika bega. Aliusikia ule mlio, na mgongo wake ukainama wenyewe. Wili spana ikamponyoka. Magoti yakashuka kwenye oili. Aliweka mikono yake miwili juu ya kisogo, vidole vimefumana, kama mtu anayejua pa kuviweka.

Na shemeji akampiga.

"Nimekulisha." Mkanda ukashuka. "Nimekuvisha." Ukashuka. "Nimekufundisha klachi, mbwa wewe." Shati likachanika kwa urefu. Juu ya mistari ya zamani ikaja mipya, mwanzo myeupe, halafu ikajaa damu kama mfereji unaojaa maji. Kila pigo lilikuwa na neno lake, na ilionekana maneno ni mengi. Mchomeleaji alikuja kumshika akala mkanda wa uso, miwani yake ikaruka upande, akarudi nyuma ameshika jicho, anasema hayo ni mambo ya nyumbani kwao.

Mtoto alikuwa amezika uso shingoni mwangu. Kisha nikahisi kichwa chake kinageuka. Alikuwa anaangalia. Hakuwa analia, alikuwa anaangalia kama anavyoangalia ninapomfundisha kufunga kamba za viatu.

Hapo ndipo nilipopaza sauti. "Mwanao anakuona."

Sijui ni nani kati yao niliyemwambia. Mume wangu ndiye aliyesikia. Mkanda ulipokuwa unarudi akaudaka hewani, akauzungusha kwenye ngumi yake, akavuta. Shemeji akaja mbele akipepesuka, bega bovu halikumsaidia, akanyoosha mkono mzima kutafuta pa kushika, akashika mdomo wa lile gari jekundu, vidole vikiwa ndani, pale kufuli la boneti linapobana.

Mume wangu akapiga teke kijiti.

Boneti ikaanguka. Shemeji akapiga kelele kwa mara ya kwanza, kelele nyembamba isiyofanana naye. Ningesema basi, imeanguka, yameisha. Lakini mume wangu alipanda. Alilala juu ya boneti kwa kifua chake chote, miguu haigusi chini, damu ya mgongo inamtiririkia kiunoni, mdomo wake uko karibu na sikio la kaka yake.

"Toa sasa," akamwambia. Sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kubembeleza. "Toa tena kitu."

Nilimweka mtoto nyuma ya lori, juu ya tairi, nikamwambia afumbe macho. Nikarudi mbio nikamvuta mume wangu mguu. Nikamvuta mkanda wa suruali. Nikapiga ngumi pale palipochanika, najua panauma, akawa kama hasikii. Nikamng'ata begani. Nilimng'ata mtu ninayempenda mpaka nikasikia chumvi. Akatupa kiwiko nyuma bila kuangalia, kikanipata mdomoni.

Nilianguka kwa mgongo katikati ya zile themostati. Mbinguni palikuwa peupe kabisa sasa, hakuna hata wingu. Niliuhisi ulimi wangu ukienda kwenye jino na kukuta uwazi. Nilipogeuza kichwa, mume wangu alikuwa ameshashuka kwenye boneti, amesimama, ananiangalia mdomo. Sijawahi kuona mtu akiogopa hivyo kitu kilicholala chini. Alisema jina langu la nyumbani.

Mchomeleaji akaja na mtaimbo, akainua boneti.

Hospitali walimkata shemeji vidole viwili vya mkono wa kulia, na kile cha kati kilibaki hakikunjiki. Walipomuuliza imekuwaje, alisema boneti iliponyoka. Na bega? Aliteleza kwenye oili. Mchomeleaji akakubali kwa kichwa. Wakaniuliza mimi na kitambaa changu mdomoni, nikasema nilijikwaa mlangoni. Hakuna aliyetupanga. Tulidanganya pamoja kama kwaya, kila mtu na sauti yake.

Tulipofika nyumbani ndipo nilipoona kwamba mume wangu bado amezungusha mkanda kwenye ngumi. Alikuwa ametembea nao, amekaa nao hospitali, amemshika nao mtoto mkono. Aliufungua polepole, vidole vimekufa ganzi. Akasimama katikati ya jikoni ameushika, anatafuta pa kuuweka. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna msumari wa aproni yangu. Akautundika hapo, juu ya aproni, akaenda kunawa.

Sidhani kama alifikiri. Katika maisha yake yote kitu kile mahali pake palikuwa msumarini. Lakini mimi nilibaki nimeushikilia mwiko, naangalia. Mkanda ulikuwa umehama kutoka nyumba ile hadi nyumba hii, na umeshapata pa kukaa.

Nilijiambia nitautoa kesho. Kesho ilipofika nikanyoosha mkono kuchukua aproni, nikamwona ameinua macho kutoka mezani, nikaacha vyote viwili. Nikapika bila aproni. Siku zikaenda hivyo. Mgongo wake niliuosha kwa maji ya chumvi na hakuguna. Mdomo wangu alikuwa hawezi kuutazama. Mwana akiangusha kijiko, sote watatu tunageuka kuutazama mlango wa jikoni.

Nikaenda kampuni peke yangu. Yule mkuu wa karakana aliniona pengo langu, akaniletea kiti. Nikamuuliza yale niliyokuwa nimeyaandika mkononi ili nisisahau. Akanieleza kwamba kama tutaweka hedi, yaani kichwa cha injini, mpya ya aina ileile, themostati yake, sensa yake na waya zake kama zilivyotoka kiwandani, fundi yeyote anayefuata kitabu anaweza kuifanya, wao wataikagua, na giaboksi na nyinginezo zitaendelea na waranti yake kama kawaida. Akasema gari halijafa, limeumia. Nilitoka pale nikitembea haraka, kama mwanafunzi mwenye jibu.

Nyumbani nikamweleza mume wangu, na pia nikamweleza salamu alizozileta mchomeleaji: shemeji anasema mkono wake hautoshi tena, lakini mdomo upo, kama mdogo wake atashika spana yeye atakaa kwenye kiti na kumwelekeza, na hatagusa. Hiyo hatagusa, mchomeleaji aliirudia, kwa sababu alisema shemeji naye aliirudia. Mume wangu alichukua kile kijitabu cha waranti akaanza kukisoma. Tangu hapo kila jioni akawa anakisoma, kidole kwenye mstari uleule wa kuondoa na kubadilisha, kama vile siku moja maneno yatachoka na kusema kitu kingine.

Jioni ninayoisema, jua lilikuwa bado lipo. Nje walikuwa wanafukia mtaro hatimaye. Mashine ilikuwa inasukuma udongo tangu mchana, vikombe vinatetemeka kabatini, na binti yetu alikuwa ametoka na kuingia mara nyingi kuangalia mabomba yanavyopotea. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi hadi magotini. Nikampa kikombe cha chai ampelekee baba. Alikishika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa umakini, akatembea vizuri kabisa mpaka mezani, na pale mezani akajikwaa kwenye mguu wa kiti.

Chai yote ikamwagika juu ya kijitabu, halafu mapajani kwa baba yake.

Mume wangu akasimama. Kiti kikaanguka nyuma. Nilimtazama usoni na sikumwona, nilimwona shemeji na povu mashavuni. Hakupaza sauti. Alimwangalia mtoto, akatembea hatua chache hadi kwenye mlango wa jikoni, na bila kugeuza macho, haraka, mkono wake ukaingia nyuma ya mlango.

Nilikuwa na birika la maji yanayochemka. Nikasimama kati yake na mtoto, birika nimelinyanyua kifuani kwangu, mvuke unaniunguza kidevu. Alielewa kwamba ningemwaga, na mimi nikaelewa hivyohivyo.

Mkono wake ukapapasa. Nikausikia unapita ukutani, ukagusa aproni, ukagusa msumari, ukarudi kwenye aproni. Ukapapasa tena, polepole zaidi. Nje mashine ikazimwa, na ghafla nyumba ikawa na ukimya kiasi kwamba nikasikia chai inavyodondoka kutoka mezani.

Mtoto alikuwa bado amesimama palepale, viganja vimekunjwa kama bado vimeshika kikombe.

"Baba, mkanda nimeutupa mtaroni, na wameshaufukia."